Kufuata Mbegu ya Pilipili hadi Tengeru

Nilikuwa sijawahi kuvuka Chalinze. Bara niliyoijua mimi ilikuwa Dar es Salaam tu: bandarini, Kariakoo, nyumba ya ndugu zangu Temeke, kisha boti ya kurudi Unguja. Basi la Arusha lilipotoka kituo cha Mbezi alfajiri na kuiacha Kibaha nyuma, nilijibana dirishani, daftari mapajani, nikawa naandika majina ya miji hata pale ambapo hatukusimama.

Kilichonitoa nyumbani ni pilipili. Shangazi yangu analima pilipili Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya maweni, ambako udongo umejificha kwenye vishimo baina ya majabali na jembe halina pa kupita. Kila msimu, mavuno yakishaanikwa, huketi mbele ya mkeka akachagua pilipili ndefu kuliko zote, na hizo ndizo mbegu za mwaka unaofuata. Amefanya hivyo tangu mimi mtoto. Pilipili zake ni ndefu, zimenyooka, wanunuzi wanazisifia, lakini gunia halijai. Majirani wenye pilipili fupi humpita kwa uzito kila mwaka. Aliniuliza kwa nini, na mimi, mtu wa kuandika na si wa kilimo, jibu sikuwa nalo. Mtafiti mmoja kijana anayefanya majaribio ya pilipili karibu na Tengeru aliponikubalia nimfuate shambani nijionee, nilikata tiketi.

Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 600. Mkonge wa Korogwe umepandwa kwa mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka kuifuata. Mombo tuliteremka kula. Milima ya Usambara ilikaa mkono wa kulia muda mrefu, ikapokewa na ya Upare, nchi ikazidi kukauka mpaka Same, kisha baada ya Himo kijani kikarudi. Kilimanjaro sikuuona; ulikuwa ndani ya mawingu, na abiria wa kiti cha jirani, mama wa Kichaga aliyekuwa na ndoo mbili za dagaa, akaniambia nisihuzunike, mlima hutoka asubuhi.

Tengeru iko kilomita 13 hivi kabla ya Arusha mjini, miguuni mwa Mlima Meru, kwenye migomba na mikahawa, na maji yanapita katika mifereji kando ya njia. Ni zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akifika huko mwishoni mwa kipupwe haambiwi: anaomba blanketi la pili mwenyewe. Mahali hapa pana sifa ya mboga na matunda tangu zamani. Kuna kituo cha serikali cha utafiti wa mazao ya bustani, na upande wa Duluti kuna ofisi ya kanda ya Kituo cha Mboga cha Dunia, iliyopo tangu 1992. Makao makuu ya kituo hicho yako Shanhua, kusini mwa Taiwan, kilikoanzishwa mwaka 1971, na huko zimehifadhiwa sampuli za pilipili zaidi ya 8,000 kutoka kila pembe ya dunia. Mwenyeji wangu alinieleza hayo njiani, haraka haraka, kwa sababu hamu yake ilikuwa tufike shambani kabla jua halijapanda.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Mzee mmoja wa Kimeru, msimamizi wa vibarua, alikuwa ameshafungua maji ya mfereji.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mgeni wa pwani huyu? Basi leo atajua pilipili inakotoka.”

Matuta yalikuwa yamegawanywa vipande vidogo, kila kipande na kibao chenye namba. Aina ileile ilirudiwa mara tatu, sehemu tatu tofauti za shamba. Nikauliza kwa nini isipandwe mara moja, tena kwa wingi. Mtafiti akanionyesha mteremko: upande wa juu udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu, upande wa chini ulianza kuwa mwekundu na mgumu. Aina iliyoangukia juu peke yake ingesifiwa kwa rutuba isiyo yake. Ikirudiwa sehemu tatu, ardhi haiwezi kuipendelea kila mara. Na ndani ya kila kipande, miche ya pembeni haipimwi kabisa, kwa kuwa ina nafasi na mwanga zaidi kuliko mingine. Inayopimwa ni ya katikati, iliyochaguliwa kwa kura na kufungwa utepe mwekundu.

Nikapewa rula ndefu na fomu. Fomu hizi hufuata mwongozo wa kimataifa wa kueleza mimea ya pilipili uliotolewa mwaka 1995, ili anayepima Tengeru na anayepima Taiwan wawe wanasema kitu kimoja. Urefu wa mmea. Upana wa mwavuli wake. Siku tangu kupandikizwa hadi nusu ya miche ya kipande itoe ua. Idadi ya matawi. Idadi ya matunda. Urefu wa tunda, unene wake, uzito wake, unene wa nyama yake, urefu wa kikonyo. Mchana ulipofika mgongo ulikuwa unaniuma na nilikuwa nimejaza sehemu ndogo tu ya karatasi. Kuzalisha mbegu bora ni kazi ya kuinama, na ninawaheshimu wanaoifanya miaka na miaka.

Lakini somo kubwa la asubuhi ile nilipewa kwenye mche mmoja, na ningependa kila mkulima wa pilipili alione.

Mtafiti alipiga magoti akaushika mche kwenye shina. “Tazama, dada. Pilipili huanza na shina moja tu, linapanda na majani yake, halina haraka. Halafu hapa.” Kidole chake kilisimama mahali shina linapogawanyika panda. Katikati ya panda palikuwa na kikonyo cha ua la kwanza, lililokwisha kuwa tunda. Kutoka hapo kila tawi lilikwenda kidogo, likagawanyika tena, na katikati ya kila panda ua lingine. Nikafuata kwa kidole: panda moja, mbili, nne, nane, mpaka juu ambako vitawi vilikuwa laini na maua bado ni vifundo. Sikuwa nimewahi kuuona mpango huo, na pilipili nimeikuta nyumbani tangu nimezaliwa. Mmea huu hauweki maua ovyo ovyo. Kila panda ni kiti cha ua, na bila panda hakuna ua. Kwa hiyo mtu anayehesabu panda mapema anahesabu matunda ambayo bado hayajazaliwa.

Hapo ndipo sifa zile nyingi za kwenye fomu zilipoanza kushikana. Mche unaotoa ua la kwanza mapema umeanza kugawanyika mapema, na unapata mizunguko zaidi ya panda kabla msimu haujaisha. Ndiyo maana mara nyingi aina zinazochelewa kutoa maua huvunwa kidogo. Lakini kuwahi nako kuna mpaka: mche uliotoa ua ukiwa bado mdogo, wenye majani machache, hulielekezea tunda la kwanza nguvu zake zote, na panda zinazofuata zinadumaa. Baadhi ya wakulima hulichuma ua la kwanza kwa sababu hiyo. Na hata mche mkubwa ukibeba matunda mengi kwa pamoja huangusha maua mapya mpaka mzigo upungue, ndipo huanza tena. Mtu akiona maua chini ya mipilipili yake asikimbilie kulaumu dawa au jirani. Pengine mmea unapima uwezo wake. Pengine pia ni joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na usiku nao usipopoa, chavua hudhoofika na maua hudondoka. Tengeru tatizo hilo si kubwa. Makunduchi ni jambo lingine.

Aina zenyewe hazifanani tabia. Binadamu wamefuga jamii tano za pilipili, zote asili yake Amerika. Zilivuka bahari baada ya 1492 na meli za Wareno na Wahispania. Shambani mle tulikuwa na tatu. Ile ya kawaida, yenye ukoo mmoja na hoho na pilipili ndefu za shangazi, hutoa kwa kawaida ua moja jeupe kwenye kila panda. Pilipili mbuzi hutoa mawili, matatu, hata zaidi, yameinamisha vichwa pamoja. Pilipili kichaa ina maua ya kijani hafifu na matunda yanayotazama juu.

Hapo kwenye kichaa nilikaa sana. Mzee alinionyesha jinsi tunda lake lililoiva linavyochomoka likiguswa, kikonyo kinabaki mtini. Msituni hiyo ni faida. Ndege hawausikii ule ukali, kwa hiyo tunda dogo, jekundu, lililosimama juu ya majani na kuchomoka bila shida ni chakula chao, na mbegu husafiri nao. Wakulima wa kale wa Amerika, kizazi baada ya kizazi, walichagua kinyume chake: tunda kubwa, linaloning’inia chini ya majani likakingwa na jua na ndege, lililoshika kikonyo mpaka mwenye shamba aje. Walibadilisha mmea mzima kwa kuchagua tu, bila maabara wala hesabu. Kichaa ikabaki na tabia nyingi za porini, na bei yake nzuri huliwa na vibarua, maana kilo moja ni vitunda vingi mno vinavyochumwa kimoja kimoja. Mtafiti makini huandika hilo pia: tunda linachumwa kwa mkupuo au kwa kubembelezwa? Mavuno yaliyobaki mtini kwa kukosa mchumaji si mavuno.

Jioni tuliingia kwenye banda la wavu kuona maua yakichanganywa. Kazi hii hufanywa kwa kibano kidogo na mkono usiotetemeka. Unatafuta kifundo cha ua kilichovimba, cheupe, ambacho kingefunguka kesho yake. Unaondoa petali taratibu. Ndani kuna vifuko vya chavua vya rangi ya bluu inayokaribia zambarau, bado vimefungwa; ukichelewa vimepasuka na ua limejichavusha lenyewe, kazi imekwisha. Unavinyofoa kimoja kimoja bila kukigusa kile kijiti cha katikati. Halafu unaleta chavua ya baba uliyemtaka, unaipaka kwenye ncha ya kijiti, unafunga uzi na karatasi yenye majina ya wazazi wote wawili. Tunda likishika litakuwa na makumi ya mbegu, na kila mbegu ni chotara. Nilijaribu ua moja. Kibano kwenye vidole vyangu kilionekana kizito kuliko jembe.

“Chotara wa kwanza wote watafanana,” mtafiti alisema. “Ukipanda mbegu zao, watoto wanatawanyika: mrefu, mfupi, mkali, mpole, mwenye panda nyingi, mwenye tatu tu. Hapo ndipo uchaguzi unapoanza, na unahitaji vizazi sita au saba vya kujichavusha mpaka aina itulie.” Kila kizazi kinapunguza mchanganyiko kwa nusu. Ndiyo sababu mkulima anayenunua mbegu chotara dukani na kuhifadhi mbegu za mavuno yake hapati mwaka wa pili alichopata mwaka wa kwanza. Hakudanganywa, ndiyo asili ya chotara.

Usiku, chai ya tangawizi mbele yetu, alifungua kompyuta. Hapo ndipo lilipokuwa jibu la shangazi, na naomba msomaji anivumilie kidogo kwenye hesabu.

Ukichukua vipimo vyote vya shamba ukaviweka sambamba na mavuno, karibu kila kitu kinaonekana kuhusiana na kila kitu. Mimea mirefu inavuna zaidi. Yenye mwavuli mpana inavuna zaidi. Yenye matunda mengi inavuna zaidi. Ukisimama hapo utachagua mimea mirefu ukidhani umepata. Mwaka 1921 Sewall Wright, Mmarekani mtaalamu wa urithi aliyefanya utafiti wake kwa simbilisi, alichapisha njia ya kutenganisha nguvu ya sababu yenyewe na nguvu inayopitia kwa sababu nyingine. Mwaka 1959 Dewey na Lu waliitumia kwenye mavuno ya mbegu za nyasi, na tangu hapo wazalishaji wa mbegu wa mazao mengi wameishika, wa pilipili wakiwemo. Kwenye pilipili, tafiti nyingi za nchi mbalimbali zinarudi mahali pamoja: idadi ya matunda kwa mmea ndiyo yenye nguvu kubwa ya moja kwa moja, na uzito wa tunda moja huifuata. Urefu wa mmea, mara nyingi, ukishaondoa panda na matunda yanayoambatana nao, haubaki na kitu kikubwa. Urefu ni mpambe wa bwana harusi: amesimama karibu naye, amevaa vizuri, lakini si yeye anayeoa.

Ugumu ni kwamba idadi na uzito huvutana. Tuseme mche mmoja una matunda 120 ya gramu 3: jumla gramu 360. Mwingine una matunda 40 ya gramu 8: jumla gramu 320. Wa pili unapendeza kwenye mkeka, wa kwanza unajaza gunia. Ukilazimisha tunda liwe kubwa, mmea hupunguza idadi, kwa kuwa majani yaleyale ndiyo yanayolisha matunda yote. Na kwa wanaouza pilipili kavu kuna sifa nyingine inayosahauliwa: nyama ya tunda. Tunda nene lenye maji mengi huvutia likiwa bichi, kisha hupungua vibaya juani. Mzalishaji wa pilipili ya kusaga anatafuta tunda linalobaki na uzito baada ya kukauka.

Kisha akanionyesha namba ya mwisho, ile inayosema sifa ipi hurithiwa na ipi hutegemea bahati ya ardhi na maji. Urefu wa tunda hurithiwa kwa nguvu. Mama mwenye pilipili ndefu huzaa watoto wenye pilipili ndefu, huku na Makunduchi. Mavuno ya jumla hurithiwa kwa udhaifu, maana kila tone la maji na kila kidukari kina mkono ndani yake. Idadi ya matunda iko bora kuliko mavuno yenyewe, na ndiyo maana hutumika kama njia ya kuyafikia.

Nikanyamaza. Shangazi yangu hakushindwa kuchagua. Amechagua kwa uaminifu na mmea umemtii: aliomba urefu, akapewa urefu, msimu baada ya msimu. Wingi hakuuomba, kwa sababu mbele ya mkeka wingi hauonekani. Pilipili zikishachumwa zikachanganywa, hakuna anayejua ipi ilitoka kwenye mche wenye matunda 20 na ipi ilitoka kwenye mche wa matunda 100. Huenda ndefu kuliko zote zilitoka hasa kwenye miche iliyobeba machache. Habari yote ya mavuno imebaki shambani, kwenye mabua yaliyong’olewa.

Jumamosi, siku ya soko, nilizunguka Tengeru na mwenyeji wangu. Wanawake walikuwa na pilipili mbuzi za manjano kwenye sado, kichaa kwenye mafungu, ndefu nyekundu kwenye maturubai. Nilimuuliza muuzaji mmoja, mama wa makamo, mbegu anazipata wapi. Akainua pilipili kubwa iliyo nzuri kuliko zote akaniambia, hizi ndizo za kuacha. Kwa hiyo si Makunduchi peke yake.

Nilipotaka kubeba mbegu za aina iliyoongoza katika majaribio nimpelekee shangazi, mtafiti alikataa, na alikuwa na haki. Aina iliyoshinda kwenye ubaridi wa Meru inaweza kuangusha maua yote kwenye joto la Unguja. Kwanza ijaribiwe huko, kwa marudio, na ikaguliwe kama sheria inavyotaka. Aliongeza kwamba mipilipili ya shangazi, iliyoishi maweni miaka yote hiyo bila mfereji, ina ustahimilivu ambao yeye angeutamani kwenye shamba lake. Kinachohitajika ni kuichagua upya kutoka ndani yake yenyewe.

Wewe unayelima pilipili na kujiwekea mbegu za kienyeji, iwe Makunduchi, Muheza au Kilifi, nakusihi ufanye hivi msimu huu. Nenda shambani kabla ya mchumo wa kwanza, si baada yake. Pita katikati, acha miche ya pembeni na ile iliyobahatika kuota kwenye samadi. Tafuta iliyogawanyika mapema, yenye panda nyingi, yenye matunda mengi ya ukubwa unaokubalika sokoni, na majani yasiyojikunja kwa ugonjwa. Ifunge utepe, kumi au zaidi, usitegemee mmoja. Hesabu matunda yake kila mchumo na uandike. Nyuki hubeba chavua kutoka mche hadi mche, kwa hiyo ng’oa mapema ile mibovu iliyo jirani, na usichanganye pilipili kali na hoho kwenye kipande cha mbegu. Matunda ya miche yenye utepe uyaache yaive kabisa mtini, uyaanike kivulini, uyaweke mbali na mengine. Ukifanya hivyo misimu kadhaa mfululizo, utakuwa unachagua kile kinachojaza gunia.